Gari Jipya la Ngosa na Mahari ya Kangwa

Ukimtafuta Ngosa pale Kamalondo siku ya kazi, fuata kelele za chuma. Ni mchomeleaji wa mageti, na mageti mengi ya mtaa ule yametoka mikononi mwake. Lakini ukoo wake haumjui sana kwa mageti, unamjua kwa ulimi. Pakiwa na posa, pakiwa na matanga, pakiwa na ndugu waliogombana, ni Ngosa anayesimama kusema, na akisimama hata watoto hunyamaza. Yeye mwenyewe analijua hilo vizuri na wala halifichi. Siku akiwa na maneno ya kupeleka kwa watu hutembea uani tangu asubuhi akijisemesha peke yake, na mkewe Chola humwekea chai mahali ambapo mikono yake haitaimwaga.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamshinda, nacho ni njia. Lubumbashi ya leo si ile aliyokulia. Kila ukigeuka kuna mtaa mpya ambao mwaka juzi ulikuwa shamba la mahindi. Chola, ambaye huenda Mokambo, mpakani, kununua unga na kuurudisha mjini, alikuwa amejinunulia GPS ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Ilimfikisha kila alikokwenda, ila ilikuwa na ugonjwa wake: kila shimo la barabara liliibandua, ikamwangukia mtu mapajani. Ngosa aliichukia kwa moyo wote. Alisema ni aibu mwanaume wa umri wake kuendesha huku kitu kinaanguka mbele ya wageni kama meno ya bandia.

Kwa hiyo alipokuwa tayari kununua gari, alizunguka kwenye maegesho yote ya wauza magari akiwa na swali moja tu: lina kioo cha njia ndani yake, cha kiwandani? Injini alisahau kuiuliza. Mwisho akapata jipi la rangi ya majivu. Muuzaji akawasha kioo, na sauti ya mwanamke ikamwamkia kwa Kifaransa kizuri, chenye adabu. Ngosa hakutaka kuona kingine. Tangu siku hiyo sauti ile akaiita Mademoiselle.

"Ya kwako banaibandika," alimtambia mkewe. "Ya kwangu ilizaliwa na gari."

"Na ilizaliwa mwaka gani?" Chola aliuliza. "Ya kwangu minaipeleka kwa ule wa matelefone, ananiwekea carte mpya ya njia. Huyu Mademoiselle wako, carte yake utaibadilisha wapi?"

"Mama Kiki, Mademoiselle alimaliza masomo. Harudi tena darasani."

Chola alicheka, akakiweka kijidude chake kwenye mkoba. Hakuwa mtu wa kushindana na mume mwenye gari jipya.

Kisha ikaja siku ya Kangwa. Kangwa ni mtoto wa marehemu mdogo wake Ngosa, na Ngosa ndiye aliyemlea. Kijana anafanya kazi Kolwezi, na huko huko alimpata Nono, msichana mwenye cheko na macho ya kuamua. Wazazi wa Nono walikuwa wamehama Likasi hivi karibuni na kujenga Lubumbashi, mbele ya hoteli ya Karavia, kwenye mtaa mpya kabisa. Hakuna mtu wa upande wa Ngosa aliyewahi kufika, hata Kangwa mwenyewe, kwa kuwa mwoaji haingii lupango, yaani ua wa wakwe, kabla hajapelekwa. Yote yalikuwa yamepangwa kwa simu.

Na kwenye simu baba yake Nono, mzee Mumba, alisema jambo moja ambalo halikutoka tena kichwani mwa Ngosa. Dada yake Nono aliwahi kuposwa. Siku ya mahari watu walikaa chini ya tente tangu asubuhi, chakula kikapoa, wageni wasifike, wala hawakufika tena. "Ile haya sitaiona mara ya pili," alisema Mumba. "Saa nane. Ikipita saa nane, geti itafungwa, na maneno yameisha."

Ngosa aliapa kwa kaburi la ndugu yake kwamba atafika kabla ya saa. Alipomtazama Kangwa siku hiyo katika suti yake, aliona sura ya mdogo wake kabisa.

Wakaondoka mapema: Ngosa kwenye usukani, Kangwa pembeni yake, nyuma Chola na shangazi Katongo, na nyuma kabisa mbuzi. Mademoiselle alikuwa na adabu njia nzima. Zungukeni kulia, shikeni kushoto. Walipoipita Karavia, lami ikaisha, na Mademoiselle akatangaza kwamba wamefika: "Vous êtes arrivé à destination."

"Baba Kiki," Chola alisema kutoka nyuma, kijidude mkononi, "ya kwangu inaonyesha bado. Kuko kadaraja pale mbele, tunapaswa kuvuka."

"Mama Kiki, angalia kushoto. Hauone tente?"

Kweli, kushoto kulikuwa na geti wazi, tente nyeupe, viti vilivyovishwa vitambaa, muziki, na akina mama wenye bikwembe, vitenge vya sare. Chola akatazama, akakirudisha kijidude mkobani.

Ngosa aliwaamuru wote wazime simu, kwa heshima ya wakwe. Wakapokewa kwa vigelegele. Msemaji wa wenyeji akasimama na kuuliza, kama inavyoulizwa siku zote, walikuwa wanatafuta nini. Na Ngosa akajibu kama inavyojibiwa siku zote, bila kutaja jina la mtu, kwa kuwa majina hutajwa mwishoni.

"Tulikuwa tunapita tu," alisema, "njo tukaona maua moja mu lupango yenu. Tulishindwa kuendelea na safari."

Watu wakapiga makofi. Ngosa akapanda, akashuka, akazunguka, akawafanya wazee wagonge viti kwa kicheko. Hakuwahi kusema vizuri hivyo maishani mwake.

Kisha wakaanza kuletewa wasichana waliofunikwa kitenge. Huo ndio mchezo wenyewe: kwanza huletwa wasio wenyewe, mwoaji anakataa, watu wanacheka. Wa kwanza akafunuliwa, Kangwa akatikisa kichwa. Wa pili alikuwa bibi kizee asiye na jino, akamkonyeza Kangwa, tente nzima ikalia kwa kicheko. Wa tatu akaletwa na muziki, mwendo wa taratibu, gauni la dhahabu. Akafunuliwa. Alikuwa mzuri mpaka shangazi Katongo akasema "Eee!" bila kujua.

Kangwa akatikisa kichwa.

Ngosa akacheka, akasubiri wa nne. Lakini upande wa pili hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliweka chini glasi yake. Muziki ukazimwa. Ngosa akaelewa: hapakuwa na wa nne.

Akajua kijana ameshikwa na woga. Akamfinya pajani. "Kubali, mutoto. Njo huyu."

"Baba, haiko yeye."

"Poda inabadilisha muntu! Angalia muzuri!" Akamfinya tena, kwa nguvu ya mchomelea chuma.

"Baba, hata ukinikata mukono. Haiko Nono."

Jina likawa limetoka. Msemaji wa wenyeji akasimama polepole. "Nono ni nani? Ba bukwe, munamukatala mutoto yetu mbele ya bantu?" Msichana wa gauni la dhahabu, aliyeinamisha macho kama inavyotakiwa siku hiyo, alikuwa tayari na machozi kwenye kope.

Hapo ndipo honi zilipolia getini. Magari matatu, mapambo, watu wanashuka wakiomba radhi: tairi lilikuwa limepasuka njiani. Na mbele yao mwoaji, kijana ambaye msichana alimwona tu, machozi yakageuka kicheko.

Mwenye nyumba, Godefroid, ambaye naye alikuwa amezungumza na wakwe zake kwa simu tu, aliwatazama wakwe wa pili, akawatazama wa kwanza, akaelewa, akacheka mpaka akashika nguzo ya tente. "Na mimi nilikuwa nashangaa," alisema, "bukwe bwangu balijifunza kusema muzuri hivi siku gani!" Msichana naye alimpungia mkono Kangwa. "Merci ya kunikatala!"

Ngosa hakucheka. Alikuwa amewasha simu. Mumba alikuwa amempigia mara nyingi, kisha akaacha. Saa nane ilikuwa imepita.

"Mama Kiki," alisema, na sauti yake haikuwa na majivuno hata punje, "kuya ukae mbele."

Chola akakaa mbele na kijidude chake magotini. Alimwelekeza njia bila kumsuta, nalo hilo lilimwuma Ngosa kuliko masuto. Walivuka kidaraja. Kwenye kioo cha Mademoiselle barabara ilikuwa imeisha; gari lilionekana likielea peke yake kwenye uwanja mtupu, naye akiwasihi njia nzima wageuze gari: "Faites demi-tour. Faites demi-tour." Ngosa hakujua pa kumzimia. Shangazi Katongo akamwimbia aleluya ili asisikike.

Geti la Mumba lilikuwa limefungwa. Tente ilionekana juu ya ukuta, lakini hapakuwa na muziki.

Ngosa akabisha. Alikuwa na maneno ya maua, ya ndege, ya wasafiri waliochoka, yote yamenyooka kichwani. Akafungua kinywa na yote yakamkimbia.

"Papa Mumba," alisema, "ni miye Ngosa. Kosa ni yangu. Motokari ilinidanganya na mimi nilikatala kusikia bibi yangu. Tuliingia kwa bantu bengine. Nilisema maneno yenu yote kule."

Sauti nzito ya Mumba ikauliza kutoka ndani: "Balibaonyesha mutoto yabo?"

"Balimuonyesha."

"Alikuwa muzuri?"

Hiyo ilikuwa sauti nyingine, ya Nono mwenyewe, ambaye siku kama ile hatakiwi kusikika kabisa. Ngosa angeweza kudanganya.

"Mama, alikuwa muzuri sana. Mimi mwenyewe nilifikiri njo weye, nilimufinya Kangwa mara mbili akubali. Paja yake iko nyeusi. Alikatala."

Ndani mtu akaanza kucheka, na kicheko kikapita kutoka kiti hadi kiti mpaka kikamfikia Mumba. Komeo likalia. Mumba akasimama mlangoni, mzee mfupi mwenye kofia, akimtazama Kangwa kutoka viatu hadi kichwa.

"Ingieni," alisema. "Lakini siye hatutaleta ba binti bengine. Mutoto alishamaliza kuchagua."

Wakamleta Nono peke yake, bila kumfunika.