Keti Kwanza, Afande

Adeke wa Malaba alipika ajon, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Wateja wake walikuwa madereva wa malori na wazee wa Kiteso wasio na haraka. Alikuwa mjane, mdomo mkali, moyo laini kuliko alivyotaka watu wajue. Ndiyo maana asubuhi moja ya mwaka 1974 alitoka kuokota kuni karibu na yadi ya malori, akarudi na mbwa.

Dereva fulani alikuwa amemfunga waya shingoni na kumwacha hapo, yeye akavuka mpaka kwenda Uganda. Waya ulikuwa umezama kwenye nyama. Adeke aliukata kwa koleo, akaumwa mkono, akamtukana mbwa, akambeba. Akamwita Jimi.

Shukrani ya Jimi ilikuwa kelele. Kuku akipita, alibweka. Lori likipiga honi, alibweka. Mtu akiingia uani, alitoa meno. Jirani, mzee Ikapel, akampa Adeke ushauri uliokuwa kwenye kila kinywa hapo Malaba: mfunge mnyororo, mchape, atashika adabu. Adeke akafanya hivyo hivyo, maskini. Ile shingo yenye kidonda ikafungwa tena, na ukali ukazidi. Siku moja mnyororo ukakatika, na Jimi akamng'ata paja tanboi, msaidizi wa dereva wa lori.

Amri ya chifu ikaja: Jumatatu askari atampiga Jimi risasi.

"Mbwa ni mbwa, mama," Ikapel akasema. "Utapata ingine."

"Hata wewe tungepata mwingine, mzee," Adeke akamjibu, kisha akalia mbele ya wateja bila kuona haya.

Machozi yalipokauka, akasikia kimya. Wazee walikuwa wameketi kuzunguka chungu na Jimi ametulia. Akaingia mtu mwingine, kelele zikaanza. Alipoketi, zikakoma. Kumbe Jimi aliogopa mtu aliyesimama juu yake!

Adeke akatupa mnyororo, akaweka kigoda penye lango. Kila mgeni aketi kwanza, asimtazame mbwa, ndipo asalimiwe. Wazee hawakuona ajabu, kwao mgeni hupewa kiti kabla ya kuulizwa habari. Madereva walicheka, lakini asiyeketi hakupata mrija. Na Jimi kila aliponyamaza alipewa mfupa.

Jumatatu akaja Olinga, askari wa chifu, bunduki begani. Jimi akabweka, manyoya yamemsimama.

"Mama, leta hiyo mbwa hapa nje."

"Keti kwanza, afande."

"Mimi niko kazi. Sikukuja kunywa."

"Sijakuuzia. Kwangu hata chifu anaketi."

Olinga akawatazama wazee. Alikuwa Mteso kama wao, na kukataa kiti cha mjane mbele yao lilikuwa jambo zito. Akaketi, bunduki magotini.

Jimi akabweka mara moja zaidi, kwa sauti ndogo. Kisha akasogea polepole, akanusa buti, akanusa mkono. Mbwa akajilaza, akaiweka ile shingo yenye kovu juu ya buti la askari, akafumba macho.

Wazee waliendelea kunywa. Kivuli cha nyumba kilifika kwenye kigoda, na Olinga hakuwa amesogeza mguu.

"Mama," akanong'ona hatimaye, "sasa nitainuka aje?"