Nyanya, Kikapu na Pikipiki ya Zamani

Haraka zangu zitaniua. Jana tangu asubuhi boda yangu haikuwa imepata abiria. Kando ya steji yetu hapa Voi ilisimama pikipiki ya zamani, inang'aa. Nikamwona jamaa wa ndevu na jaketi la ngozi karibu nayo, nikampigia saluti: "Chuma chako ni safi, mkubwa!"

Akatokea nyanya aliyejifunga leso, kikapu mkononi. Kabla wenzangu hawajamvamia, nikampokonya kikapu, nikakifunga kwenye boda yangu.

"Panda, nyanya!"

"Kijana, lete kikapu."

"Bei tutaelewana!"

Akanipita, akaipanda ile pikipiki ya zamani, akapiga kiki moja tu, ikanguruma.

"Sasa lete," akasema, steji nzima ikisikia. "Helmeti yangu iko humo."