Nilivyomsomea Mama Mkwe Kitabu cha Ayubu

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Kitale mwezi wa Januari, na mimi sikumtaka. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Alikuwa amepasuliwa jicho la kulia hospitalini kule Lugulu, la kushoto likiwa limeshakufa zamani, na daktari akamwambia akae mbali na moshi na vumbi kwa wiki sita, asiiname, na asisome chochote. Nyumbani kwake Bungoma hakuna kitu kingine ila moshi na vumbi. Wanawe wa kiume wako Nairobi na sababu zao ni nyingi. Kwa hiyo mke wangu akaamua, na mke wangu akishaamua, mimi huambiwa tu.

Kwetu jambo hilo ni aibu. Mama na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawasemezani moja kwa moja, hawali meza moja, mpaka sherehe ya kuondoa hiyo haya ifanywe. Yetu haikuwahi kufanywa, maana kila upande ulingoja mwingine uanze. Sasa mtu huyo analala chumbani kwangu! Nyumba yetu ya kupanga, si mbali na Kipsongo, ina vyumba viwili. Mke wangu alitundika pazia zito mlangoni, mama akabaki ndani, sisi tukahamia sebuleni kwenye cherehani yangu. Akitaka kwenda chooni alikohoa mara mbili, nami nikatoka nje na kusimama nyuma ya ukuta hadi akohoe tena. Nilikuwa na sketi za shule zisizopungua marundo mawili za kushona, wazazi wananipigia simu asubuhi na jioni, na huku ninafukuzwa nyumbani kwangu kwa kikohozi.

Lakini sikumchukia kwa ajili ya desturi. Miaka mitatu kabla ya hapo tulimzika binti yetu wa miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Kaburini mama mkwe alipewa nafasi ya kusema neno, kwa kuwa yeye ni mwalimu wa Biblia wa akina mama kanisani kwao, mtu aliyesoma sura moja kila asubuhi kwa miaka arobaini. Alisimama mbali nami kama inavyotakiwa, akasema mbele ya watu wote kwamba kama baba wa mtoto huyu angekuwa mtu wa kuomba, leo tusingekuwa hapa. Kuna watu walioitikia amina. Tangu siku hiyo sikukanyaga kanisani wala sikufungua Biblia, na kutoka kwa mama huyo nilitaka kitu kimoja tu: alirudishe lile neno alikolitoa.

Siku ya tatu, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia.

"Mwambie huyo mtu wa cherehani anisomee sura yangu."

Hakukuwa na wa kuambiwa. Mke wangu anafanya kazi katika zahanati moja kule Kachibora, na alikuwa ameondoka saa kumi na mbili. Nyumbani tulikuwa sisi wawili na pasi.

"Mwambie mama nina kazi," nikaiambia pasi.

Jioni mke wangu alinisimamia mikono kiunoni. "Sura moja tu, bana. Mimi nikirudi hapa nasinzia kabla ya mstari wa pili. Ama unaogopa hicho kitabu?"

Sikukiogopa. Nililala nikiwaza, na kulipokucha nilikuwa na hila yangu tayari. Mama aliagiza Zaburi. Mimi nikafungua Yohana, ile habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake, na Yesu anawajibu kwamba si yeye wala si wao. Hapo nilisoma kwa sauti ya karani wa mahakama. Niliposema "wala wazazi wake" niligeuza kiti nikaelekea pazia kabisa, nikafunga kitabu.

"Mwambie hajamaliza sura," alisema. "Ameikata katikati kama kitambaa."

Ikabidi nimalize. Sura ile inaishia kwa wale wanaojidai wanaona, ambao kwa kujidai huko hatia yao inabaki.

"Kumbe kuna wengine hawaoni na hawajapasuliwa," mama aliliambia dirisha.

Vita vikaanza hapo. Kesho yake aliniamuru nisome pale Paulo anapomwambia Timotheo kuhusu mtu asiyetunza watu wa nyumbani mwake, kwamba ni mbaya kuliko asiyeamini. Alikijua kifungu hicho kwa moyo. Alitaka tu kipite kwa kinywa changu. Mimi nikamjibu kwa wale walimu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine mabegani. Naye akanirudishia mwana mpotevu, akisisitiza kwamba yule kijana alirudi kwa miguu yake mwenyewe bila kubembelezwa. Nikatafuta zaidi. Nilianza kuamka kabla ya mke wangu ili niwinde vifungu, nikiviwekea alama kwa chaki yangu ya kupimia nguo, ya buluu, mpaka Biblia ya mke wangu ikajaa unga.

Na kitabu chenyewe kilinisumbua. Ningepata mstari mzuri wa kumchoma nao, halafu nikisoma sura nzima, kama alivyoshikilia nisome, mstari wa mbele unanichoma mimi. Nilikasirika nacho vilevile kama nilivyomkasirikia yeye. Lakini nikikaa kwenye cherehani mchana, mguu ukisukuma, nilijikuta nikiendelea kubishana na Paulo, na mchana mzima ukapita bila kusikiliza redio. Sitaki kulipamba hilo. Nilikuwa na njaa na sikujua, na mtu mwenye njaa hula hata kwa adui yake huku amenuna.

Wiki ya tatu nilimpata Ayubu. Nilikumbuka kutoka shule ya Jumapili kwamba watoto wake walikufa, na kwamba rafiki zake walikuja wakamwambia kosa ni lake. Nikakimbilia sura ya mwisho nikaona, kwenye mstari wa saba, Mungu akiwakasirikia rafiki hao kwa sababu hawakunena ya kweli. Nikapigia mstari huo chaki mara mbili na kufunga. Sikuangalia chini yake. Fundi anayekata kitambaa kabla ya kupima hadi mwisho mimi humfukuza kazi, lakini asubuhi ile nilikuwa na haraka ya kushinda.

Nilitaka afike hapo polepole, hivyo nikamwanzia sura ya kwanza. Nilimsomea sura tatu, nne kwa siku. Watoto wa Ayubu walipoangukiwa na nyumba nilisoma moja kwa moja bila kusita. Kisha wakaja wale rafiki, Elifazi na wenzake, na unajua mama huyo alifanya nini? Aliwaunga mkono!

"Hapo Elifazi amesema kweli," alisema. "Mwambie huyo Ayubu anyamaze asikie."

Nikakanyaga cherehani bila uzi. Kwa siku nane nilisoma Ayubu akilia na rafiki zake wakimhubiria, na kila asubuhi mama akawa rafiki wa nne. Nilimwacha. Nilikuwa na mstari wangu wa saba.

Asubuhi ya sura ya arobaini na mbili nilinyoa ndevu. Niliweka sketi kando. Nilisoma mstari wa kwanza hadi wa sita kwa utulivu, wa saba nikausoma kwa sauti kubwa, nikaurudia, kisha nikasema, "Mama amesikia Mungu amewaambia nini rafiki za Ayubu?"

Nilisikia kitanda kikilia.

"Nimesikia," alisema. "Mwambie aendelee."

Nikaendelea, nikiwa bado natabasamu. Mungu anawaambia rafiki hao wachukue ng'ombe na kondoo waende kwa Ayubu, na Ayubu atawaombea, na kwa ajili ya Ayubu hawatatendewa sawasawa na upumbavu wao. Hapo nikaacha kusoma.

"Sura imeisha?"

"Hapana."

"Si amalize."

Nikasoma kwamba Ayubu aliwaombea, na kwamba ni wakati huo Bwana alipomgeuzia hali yake, wala si kabla. Yaani alipoambiwa aombe alikuwa bado kwenye majivu, vidonda vinauma, na wale wanaume wamesimama mbele yake na vinywa vyao vilevile. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Nikamsomea na zile mali zilizorudi mara mbili, na wale watoto kumi wengine aliowapata, na hapo hasira ikanipanda nikasahau pasi na desturi na kila kitu.

"Hii ni uongo!" nilipiga kelele. "Ati watoto wengine! Kama mtoto ni shati, likiraruka unashonewa ingine. Wale wa kwanza je? Nani amewauliza wale wa kwanza?"

Nilidhani atanikemea. Nilimngoja anikemee, nilikuwa na mengi ya kumjibu.

"Hapo na mimi sijawahi kupaelewa," alisema mama. "Miaka yote hiyo. Nikifika hapo huwa napita haraka."

Mtu niliyemchukia alikuwa amekaa miaka arobaini akigonga mlango uleule niliokuwa nimeanza kuugonga wiki hiyo, na hakuwa amefunguliwa. Sikumpenda. Ila sikuweza tena kumwona kama mtu aliyemiliki Biblia na kunifungia nje.

"Wewe," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, bila kupitia dirisha wala ukuta. "Umenitafuta na hicho kitabu wiki tatu. Nilijua kutoka siku ya kwanza. Sasa umenipata. Basi fanya vile kimesema."

"Nifanye nini?"

"Niombee."

Nilimwambia sijui kuomba, na kwamba yeye mwenyewe alishawatangazia watu hivyo. Nilisema kwa ukali. Nilitazama cherehani, nikatazama lile rundo la sketi, nikatamani mteja yeyote abishe hodi, hata yule mdeni wangu mwenye maneno mengi. Hakuna aliyekuja. Nikasimama, sikufumba macho, nikasema upesi kama mtu anayemeza dawa: Mungu, mponye huyu mama jicho lake, aone, arudi kwake salama. Amina.

"Jicho limetibiwa Lugulu," alisema mama. "Jicho liko sawa. Ombea mdomo wangu."

Nilishika mgongo wa kiti.

"Unaujua huu mdomo na kile ulisema," aliendelea, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Mimi naujua. Usiku nasikia hiyo amina yao. Omba."

Nikafumba macho safari hii. Nilimwambia Mungu kwamba mama huyu alisema neno mbele ya watu, na kwamba neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka mitatu. Nilisema kwamba sijamsamehe, ila ninaomba kwa sababu imeandikwa hivyo. Nikataja udongo, na lile jeneza dogo nililolibeba kwapani, halafu nikajaribu kutaja jina la mtoto, ambalo sikuwa nimelitamka tangu siku hiyo. Halikutoka. Nilijaribu tena, likanikwama.

Basi mama akalitaja yeye. Alilitaja mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kisha akamalizia ile sala yangu: kwamba baba wa mtoto hakumuua, na kwamba yeye alilijua hilo hata siku ile kaburini, alipokuwa akilisema lile neno.