Usiniambie Pa Kushika, Baba Koku

Safari hii niliifunga kwa sababu ya wivu, wala sioni haya kusema. Mwanza ninakoishi mawe yamejaa, na mengi nimeyapanda kwa kamba, lakini kila moja wenzangu walikuwa wameshanitangulia. Kabla sijaligusa nimeshaambiwa mguu uende wapi, na mashiko, yaani pa kushika vidole, yana alama nyeupe za chaki. Sisi wapandaji tuna heshima moja tunayoiita jicho la kwanza: unafika kwenye jabali usilolijua, hujaambiwa kitu, hujaona mtu akilipanda, unalipanda mara moja tu bila kuanguka wala kuning'inia kwenye kamba. Ukishaambiwa, basi, kwa jabali lile nafasi hiyo hairudi tena maishani. Deo anayenishikia kamba alikuwa ameshaipata heshima hiyo, na alinitambia nayo mpaka nikachoka. Mimi sikuwa nayo.

Bukoba tuliondoka alfajiri, mimi na Deo, kuelekea Mabira. Baada ya Kyaka barabara ikaanza kupanda, migomba huku, vilima vya majani huko, nami nikabandika uso kwenye kioo nikitafuta miamba kama mtoto anayetafuta duka la peremende. Omurushaka tukashuka tukachukua bodaboda mbili. Dereva wangu aliposikia tunafuata jabali la Mabira akachangamka. "Lile nalijua. Ukifika katikati, kuna..." Hapo hapo nikaangua pambio la kanisani kwa sauti yangu yote, na sikunyamaza hadi nilipohakikisha amekata tamaa. Nadhani alijua amempakia mgonjwa.

Mabira tulifika jua likielekea kuzama. Mwenyeji wetu, Baba Koku, ni mfugaji aliyemwoa dada yake Deo. Tukamwamkia shikamoo, tukapewa maziwa, kisha tukatiwa kiganjani kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. Akachovya kidole kwenye mfuko wangu wa chaki, akanusa.

"Hii ni dawa?"

"Inakausha jasho la vidole," nikamwambia. "Wengine wanachora nayo kialama penye shiko ili wasilipoteze. Wakimaliza wanakifuta kwa brashi."

"Kwa hiyo mgeni akiona nyeupe, anajua pa kushika."

"Ndiyo," nikajibu, maana ndizi na maharage vilikuwa vimeshaletwa na njaa ilikuwa inaniuma. Habari ya jicho la kwanza sikuigusa.

Asubuhi tukapanda kilima. Jabali lilikuwa jekundu, refu, zuri la kuliza mtu. Na kutoka chini hadi juu lilikuwa na madoa meupe, kila shiko na doa lake. Baba Koku alisimama pembeni akitabasamu, magoti yamechubuka, kamba ya ng'ombe begani, mfuko wangu wa chaki mkononi.

"Nimeshuka nayo kutoka juu kabla ya kukamua," akasema. "Tulikuwa tukipanda hapa enzi za kuchunga, nayajua yote. Mgeni wangu apapase mawe na mimi nipo?"

Nikakaa chini nikalia kwa hasira. "Umeniharibia, Baba Koku. Umeniharibia kabisa."

Tabasamu likamtoka. Deo akanikumbusha kwamba hakuna aliyekufa, nikamwambia anyamaze. Mama Koku, aliyekuja na chupa ya chai, alinitazama bila kukasirika. "Kwetu mgeni akipotea njia, aibu ni ya mwenye nyumba," akasema.

Basi nikawaeleza yote niliyopaswa kuyaeleza jana. Baba Koku alisikiliza akikuna kidevu.

"Yaani nikikuonyesha, nimekunyang'anya?"

"Ndiyo."

"Mnajitesa bure, nyie." Lakini akaomba brashi. Siku ile nililipanda jabali, likanipa raha isiyohesabika kwenye heshima yetu, kisha tukalisugua wote mpaka likabaki jekundu tupu kwa atakayekuja.

Kesho yake Baba Koku akasema kuna jingine upande wa Isingiro, nalo analijua. Akafungua mdomo kuendelea, akakumbuka, akaufunga. Njia nzima alitembea mbele yetu kimya, na kwa jinsi nilivyomfahamu, kimya kile kilimgharimu.

Jabali la Isingiro lilikuwa safi, halina doa. Nikajifunga kamba, nikaanza. Nilipachika vyuma vya kunidaka kwenye nyufa, nikapitisha kamba, nikasogea, hadi nikafika chini ya tumbo la jiwe lililochomoza nje, na mashiko yakaisha. Vidole vikaanza kuteleza. Nikatazama chini. Deo alikuwa ameshika kamba, macho kwenye kamba. Baba Koku alikuwa ananitazama, na nilijua kwamba nikiyafuata macho yake tu nitajua pa kwenda.

Naye akajua. Akanigeuzia mgongo, akawatazama ng'ombe wa watu mteremkoni. Sijawahi kuupenda mgongo wa mtu kama nilivyoupenda ule.

Nikachovya chaki, nikavuta pumzi, nikatazama kwa macho yangu mwenyewe. Kushoto, chini ya kuvu iliyoota kwenye jiwe, palikuwa na ukingo mwembamba. Nikautia vidole, ukanibeba. Kufika juu nilipiga vigelegele hadi koo likakauka. Nikafunga kamba kwenye mwamba wa juu, nikateremka nayo nikivitoa vyuma vyangu na kufuta kila doa.

Baba Koku alikuwa bado amegeuka. "Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema."

Maneno yakamwagika. Penye tumbo, alisema, kuna ufa mkubwa upande wa kulia, hiyo ndiyo njia, tangu utoto wao hakuna nyingine.

"Mimi nimepita kushoto."

"Kushoto hakuna njia."

"Ipo."

Akalitazama jiwe upande wa kushoto. Kisha akavua mabuti yake ya mpira, akamwambia Deo amfunge kamba ile niliyoiacha juu. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya ule ukingo, akaninyooshea kidole.

"Wewe. Usiniambie pa kushika."

Nikageuka nikawatazama ng'ombe. Nilisikia pumzi zake, vijiwe vikianguka, halafu kelele ya shangwe kwa Kinyambo, lugha ya kwao, iliyowafanya ng'ombe wainue vichwa.

Mwanza niliporudi, wenzangu walitaka niwachoree njia ya jabali la Isingiro. Nimewaelekeza kwa Baba Koku. Atawapa maziwa na kahawa, atawafikisha hadi chini ya jiwe, kisha atawageuzia mgongo. Nimejifunza kwamba hiyo nayo ni namna ya kumkarimu mgeni.