Kipa Aliyezikwa Bila Ngoma

Sisi mashabiki wa Lubumbashi tulikuwa na desturi yetu, na asiyeipenda shauri yake. Mchezaji wa zamani akifa, tulikwenda kilioni na ngoma ya uwanjani, tukafunika sanduku kwa jezi yake, tukampigia mpaka makaburini kana kwamba anakwenda kucheza fainali. Padri mmoja alisema ni upagani. Tulimjibu kwa kuongeza ngoma ya pili.

Jumapili moja kabla ya mechi, watu sita tulikaa kwenye baa karibu na uwanja tukapanga timu ya marehemu. Huyu winga wa kulia, yule beki wa kati, kila mmoja na bao lake na makosa yake, maana hata marehemu tulimgombeza. Timu ilikaribia kujaa. Kipa tu ndiye alikosekana, kwa sababu kipa wetu alikuwa hai, amekaa nasi pale pale, goti limevimba.

"Kule banatufunga kila siku," nilimtania. "Banakungojea."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kufa haiko kitu," akasema. "Mukuye tu na ngoma. Musiache banizike sawa muntu ya bure."

Nikamwapia mbele ya wote.

Wakati ule serikali ilikuwa imetuvua majina ya ubatizo, kila mtu akatafuta jina la mababu. Yeye alichukua la babu yake, likaandikwa kwenye kitambulisho na kazini, kwenye kiwanda cha shaba. Sisi hatukulishika. Kwetu alikuwa na jina moja, lile tulilompa siku alipodaka penalti mbili.

Halafu mvua zikaanza, goti likamzidi, akaacha kuja. Nilisema nitakwenda kumwona. Nilisema hivyo wiki nyingi. Nilikuwa nimefiwa na mke, watoto wako Kolwezi, na nyumba tupu humfundisha mtu uvivu wa ajabu: huna pa kwenda, na bado hupati nafasi. Upweke ulinila, nami nikauacha unile.

Mchana mmoja nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, mbele ya redio, wakasoma matangazo ya vifo. Wakataja mwanamume mmoja, jina refu, mfanyakazi mstaafu, mazishi kesho saa nne. Nikasema "maskini," nikaendelea kula.

Baada ya wiki mbili nilikwenda sokoni kutafuta samaki wakavu wa Pweto. Aliyekuwa akiuza ni mke wa kipa, ambaye nimekula kwake mara nyingi. Alivaa nguo nyeusi. Nikamuuliza, mimi mpumbavu, nani amekufa.

Hakunikasirikia. Heri angenitukana. Alinieleza polepole huku akifunga samaki kwenye gazeti. Mpwa wao ndiye aliyepeleka tangazo, na kule redioni walikataa jina la uwanjani, wakataka la kitambulisho. Mama yule hakuwa na wasiwasi, maana alijua mashabiki hatupitwi na kilio.

"Tulibangojea," akasema. "Saa ine sanduku ilikuwa tayari. Nikabaambia bangoje, bantu ba ngoma banakuya. Tukangoja mpaka saa sita. Kila motokari ikipita, natoka ku barabara. Kisha padri akasema inatosha."

Walimzika watu tisa. Jezi aliipiga pasi yeye mwenyewe, akaitandika mwenyewe juu ya sanduku.

Akanitazama usoni.

"Redio hamukuisikia, baba?"

Niliona aibu. Ningeweza kumwambia kweli. Tulikuwa wawili tu pale mezani, na sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa mama yule mpole.

"Yangu iliharibika, mama," nikasema. "Iko mwezi nzima sasa."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea samaki wawili.

"Pole sana, baba," akasema. "Kuikala peke yako mu nyumba, bila hata redio, iko mateso."