Koti Langu Liko Kazini

Leo nimefukuzwa kwa nyumba yangu mwenyewe, na mwanamke mfupi!

Sikieni. Asubuhi bibi ya kijana wangu Wekesa amezaa msichana. Mdogo, miguu baridi kabisa. Na baridi ya Subukia wiki hii mnaijua.

Mimi nikaamuru, "Mfungeni na koti langu la jeshi, lile la vita vya Burma, mumweke karibu na moto!" Nani hapa amelea ndama kunishinda?

Mkunga, huyo mfupi, akanisukuma kutoka mlango wa chumba mpaka nje. "Mzee, huyu si ndama. Joto yake iko kwa mama yake."

Nilisikia yote kwa dirisha. Akampanguza mtoto, akamlaza uchi juu ya kifua cha mama, uso kando. Koti langu alikuwa ameninyang'anya, akawafunika nalo wote wawili. Akamwambia mke wangu, "Mama amechoka, anaweza kulala. Wewe usilale. Angalia pua ya mtoto isifunikwe."

Baba mkwe haingii chumba cha mzazi. Lakini mimi si mtu wa kukaa bure.

"Mama Wekesa! Pua iko wazi?"

"Iko wazi!"

Kidogo tena. "Pua?"

"Iko, wewe mzee! Utawaamsha!"

Majirani walicheka mpaka wakaleta viti.

Saa sita mke wangu akatokea. "Miguu imepata joto. Ananyonya."

Nikapangusa macho. Ni moshi tu.

Mwenye kubisha aandike hapa chini ya karatasi hii, penseli nimeifunga na uzi kwa ukuta wa duka. Lakini asiulize mbona natetemeka.

Koti liko kazini.