Damu Isiyokorogwa

Ipo asubuhi moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, na tangu uliponipigia simu jana kuniambia kwamba mumeo Saitoti ameenda porini kwenye olpul na kuacha dawa zake juu ya friji, imenirudia yote. Ndiyo maana nimefika hapa Kitengela kabla hujawasha jiko. Tukingojea gari la kutupeleka huko, keti unisikilize. Unaogopa, nami pia. Hofu haichagui umri.

Wakati huo tulikaa nje kidogo ya mji wa Kajiado, nami sina mvi hata moja. Mzee wangu, baba yake huyu mume wako, alikuwa amewekewa stenti moyoni kama alivyowekewa Saitoti mwezi uliopita. Ni wavu mdogo wa chuma, umbo lake kama kipande cha mrija. Waliupitishia kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye mshipa wa moyo uliobanwa na mafuta, wakauacha hapo ushikilie njia wazi. Damu ikapita. Mtu aliyekuwa akihema kabla ya kufika zizini akaanza kupiga mluzi nyuma ya ng'ombe, na huko kupona upesi ndiko kulikomdanganya.

Daktari alikuwa ametuonya. Chuma ni mgeni mwilini, na damu ikimgusa mgeni hutaka kuganda. Bonge likiziba stenti, moyo hukosa damu papo hapo. Vidonge ndivyo vinavyoizuia isigande wakati mshipa unaufunika wavu polepole, na hata baadaye ni daktari mwenyewe wa kusema kipi kiachwe. Mimi nilisikia hayo yote. Mzee wangu alisikia tu kwamba amepona.

Basi wenzake wa rika wakaja kumchukua. Unajua olpul ilivyo: wanaume huenda porini, huchinja fahali, hula nyama na kunywa supu ya magome na mizizi mpaka mwili urudi. Ni mila yetu na siikemei. Lakini kule supu ndiyo dawa, na mwanamume akitoa vidonge mbele ya rika lake huonekana amewadharau. Nilipokuwa nikitandika kitanda nikakuta pakiti zake chini ya mto. Katika mawazo nilimwona akiletwa amefunikwa shuka, mwanangu. Na kumfuata niliogopa, maana kambi ile ilikuwa ya wanaume.

Mama yake mzee, Yeiyo, yaani mama, kama tulivyomwita sote, aliingia akanikuta nalia.

"Unalia na dawa iko kwa mkono?"

"Watasema namtawala, Yeiyo."

"Wewe unaogopa maneno. Mimi naogopa kaburi. Shika mkono yangu, twende."

Macho yake yalikuwa karibu kuzimika, kwa hiyo nilimwongoza. Juu ya korongo lenye kambi yao niliona tai wakizunguka. Nilijiambia wamefuata nyama ya fahali tu, lakini moyo ulikataa kuamini, na sikumwambia Yeiyo nilichokiona.

Tulimkuta ameketi, mzima, mfupa mkononi. Nilitaka kuanguka kwa furaha. Wanaume wakasimama, mmoja akauliza wamama wanatafuta nini hapa. Yeiyo hakumjibu.

"Nani kati yenu amewahi kukinga damu ya ng'ombe kwa kibuyu akaacha kukoroga?"

Mikono miwili mitatu ikainuka.

"Inakuwa nini?"

"Inashikana, Yeiyo," akasema yule aliyetuuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Huyu mtoto wangu ako na chuma kwa moyo. Damu inataka kushikana hapo. Hii dawa ndio fimbo ya kukoroga. Hiyo supu, tutauliza daktari. Meza."

Mzee wangu alitazama chini, akameza kwa maji. Siku hiyohiyo, rika lake lenyewe lilimpeleka kwa daktari akapimwe, nami sikupumua vizuri mpaka nilipoambiwa njia bado iko wazi. Aliishi akakupokea wewe ulipoletwa kwetu bibi arusi.

Sasa shika neno langu, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemfichia mwenzake kwa kuogopa maneno ya watu humchimbia kaburi akimheshimu. Mtu akiwekewa stenti hajapewa moyo mpya. Amefunguliwa njia, na njia ina mlinzi wake. Dawa hiyo haiachwi kwa sababu kifua kimenyamaza. Aibu utaizoea. Ujane hauzoeleki, mimi najua.

Enkai, Mungu wetu, akupe sauti mahali pa hofu. Akukuze mpaka nywele zako ziwe nyeupe kama maziwa, na mume wako bado ameketi kwenye kigoda chake.

Hilo ni gari linapiga honi. Yeiyo alishatangulia kaburini; sasa mama wa kumfuata Saitoti ni mimi. Chukua hizo dawa. Shika mkono wangu, twende.